Kabla ya Kununua Mtumbwi, Utikise Kwanza

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza mganga wa zahanati ana habari gani na mitumbwi. Je, kazi yake si vidonge, sindano na chanjo? Ni kweli. Lakini kuna hatari moja ambayo sisi wa zahanati hatuna dawa yake kabatini, nayo huua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa dakika chache tu. Hatari hiyo ni kuzama majini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama duniani kote, na walio wengi walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama yetu.

Meli kubwa ikizama, nchi nzima hulia. Tunakumbuka MV Bukoba mwezi wa Mei mwaka 1996, na MV Nyerere mwezi wa Septemba mwaka 2018. Lakini mvuvi mmoja akizama katika ziwa dogo, msiba ni wa kijiji chake tu. Mimi nafanya kazi kando ya Ziwa Babati, mkoani Manyara. Ni ziwa dogo, lenye perege, kambale na viboko. Ukisimama upande mmoja waweza kuuona upande wa pili. Kwa sababu hiyo watu huliona kama bwawa la kuchezea. Hali ni hiyohiyo kwa wenzetu wa Ziwa Jipe, Ziwa Kitangiri, Ziwa Ikimba, na mabwawa ya Mtera na Nyumba ya Mungu. Maji ya kumzamisha mtu hayahitaji kuwa bahari.

Asubuhi moja ya masika

Nilikuwa sijatimiza mwezi wa nne tangu nitoke chuoni. Alfajiri mlango wangu ulibishwa. Nje walisimama wanaume watano wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake amelala kijana wa umri wangu. Kaka yake alikuwa nyuma yao, nguo zimelowa chapa, meno yanagongana kwa baridi. Walikuwa wamekwenda kuvua pamoja. Walipoinuka kuvuta wavu, mtumbwi uligeuka chini juu. Kaka aliushika mtumbwi. Mdogo wake hakuufikia.

Nilimpima kijana yule. Mapigo ya moyo hayakuwapo. Alikuwa amekaa majini zaidi ya saa moja kabla ya kupatikana. Nilichoweza kufanya ni kumfunika shuka na kutuma mtu amwite mwenyekiti wa kitongoji.

Baadaye kaka yake alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. Alisema, "Daktari, siku ile tulipokwenda kununua, mitumbwi ilikuwa miwili. Ule mwingine ulikuwa mpana. Tuliuacha kwa sababu ulizidi shilingi laki moja na nusu."

Tangu siku ile niliona kwamba kuchagua mtumbwi ni kazi ya afya, kama vile kuchimba choo au kuchemsha maji ya kunywa.

Hata mimi nilipinduka

Nisije nikaonekana nawafundisha wengine kana kwamba mimi ni mjuzi. Jumapili moja rafiki yangu alinichukua kwenda kutega nyavu. Mtumbwi wake ulikuwa wa kuchonga, mwembamba kama hori la ng'ombe. Tulipofika katikati nikaona kundi la ndege weupe, nikasimama ili niwaone vizuri. Sikumaliza kunyoosha magoti. Nilijikuta chini ya maji na viatu vyangu miguuni.

Kilichoniokoa ni dumu tupu la lita 20, lililofungwa kizibo, ambalo rafiki yangu hulitumia kama boya la wavu. Tulilikumbatia wote wawili, tukapiga miguu polepole mpaka kwenye matete.

Wakati huo mimi na wenzangu watatu tulikuwa tumeanzisha kikundi cha kuweka akiba ili tununue chombo cha kuvulia. Basi siku ya pili nilikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa mitumbwi wa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umeoga na nguo."

"Ni kweli, mzee. Nimekuja unifundishe mtumbwi mzuri ni upi."

"Ule usiokuogesha," akajibu. Kisha akaniita karibu na pipa lake la maji, na somo likaanza.

Kwa nini mtumbwi hupinduka?

Mzee alitia pipani vitu viwili: kijiti cha mviringo na kipande cha ubao. Akaniambia nivibonyeze ukingoni kwa kidole kimoja. Kijiti kiliviringika palepale. Ubao uliinama kidogo, nilipouachia ukarudi kulala sawa.

"Mtumbwi mwembamba wenye tumbo la mviringo ni kile kijiti," akasema. "Mtumbwi mpana wenye tako bapa ni ule ubao."

Ndugu msomaji, jaribio hili waweza kulifanya nyumbani katika karai. Jambo la kukumbuka ni kwamba upana una nguvu kuliko tunavyodhani. Ukichukua vyombo viwili vyenye urefu sawa na mzigo sawa, na kimoja kina upana mara mbili ya kingine, nguvu ambayo upana huo hukipa ya kujirudisha kinapoinama haizidi mara mbili tu. Huzidi kiasi cha mara nane. Ndiyo maana sentimita 20 za upana huonekana kitu kidogo ufukweni, lakini ziwani ni kitu kikubwa sana.

Sababu ya pili ni uzito kukaa juu. Mtu aliyeketi sakafuni ameuweka uzito wake chini. Akisimama, uzito wote hupanda juu pamoja naye, na mtumbwi hutafuta pa kulala.

Sababu ya tatu ni maji yaliyomo ndani. Mwambie mtoto abebe sinia lenye maji kidogo. Sinia likiinama kidogo tu, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito. Ndivyo yafanyavyo maji ndani ya mtumbwi. Ndoo mbili za maji sakafuni ni hatari kuliko ndoo mbili za samaki zilizofungwa mahali pake.

Sababu ya nne ni mawimbi. Maziwa madogo mengi hayana kina kirefu. Upepo ukivuma, mawimbi yake huinuka upesi, nayo huwa mafupi na yaliyosimama wima. Mawimbi ya namna hiyo huingia kwa urahisi katika chombo chenye ubavu mfupi.

Hesabu ya mzigo

Wale mnaohudhuria madarasa ya jioni, chukueni kalamu.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chombo huelea kwa kuyasukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake pamoja na mzigo wake. Tuseme una chombo chenye tako bapa, urefu wa mita 4 na upana wa mita 1. Kila kinapozama sentimita moja zaidi, husukuma maji lita 40, yaani kilo 40. Lakini kwa kuwa ncha zake zimechongoka, tupunguze, tuseme kilo 28.

Sasa pakia watu wawili, kilo 140. Ongeza wavu uliolowa, kilo 40. Ongeza samaki na vifaa, kilo 100. Jumla ni kilo 280. Gawanya kwa 28, unapata 10. Chombo kitazama sentimita 10 zaidi.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mtumbwi wa urefu uleule lakini upana wa nusu mita. Kila sentimita itabeba kilo 14 tu. Kwa hiyo mzigo uleule utauzamisha sentimita 20.

Tuseme vyote viwili vina ubavu wa sentimita 45, na kila kimoja kikiwa kitupu huzama sentimita 10 kwa uzito wake chenyewe. Mwembamba utabakiwa na sentimita 15 juu ya maji. Mpana utabakiwa na sentimita 25, yaani zaidi kidogo ya shubiri ya mtu mzima. Huo ndio mpaka kati ya wimbi linalogonga ubavu na wimbi linaloingia ndani.

Aina za vyombo na bei zake

Kikundi chetu kilikuta vyombo vya namna tatu, na kila kimoja kina wema wake na ubaya wake.

Cha kwanza ni mtumbwi wa kuchonga. Huu ni rahisi, hauna maungio ya kuvuja wala misumari ya kushika kutu, na kwa kuwa ni mti mtupu hauzami chini kabisa hata ukijaa maji. Lakini upana wake hauwezi kuzidi unene wa mti. Wazee wetu walichonga katika miti mikubwa. Siku hizi miti minene imekuwa adimu, na kuikata kunahitaji kibali. Basi mafundi huchonga katika miti myembamba, na mitumbwi huwa myembamba pia. Mwenye mtumbwi wa babu yake asidhani kwamba wa leo utakuwa kama ule.

Cha pili ni mtumbwi wa mbao wenye tako bapa. Fundi huweza kuupa upana wowote. Mbao zikiharibika hubadilishwa moja moja. Ubaya wake ni maungio. Lazima yazibwe vizuri kwa pamba na mafuta, na kazi hiyo irudiwe kila inapolazimu. Tena misumari iwe ile isiyoshika kutu. Ukiona madoa mekundu yanatiririka kutoka kwenye vichwa vya misumari, jua kwamba ndani kumeanza kuoza.

Cha tatu ni boti la faiba. Ni jepesi, halivuji, halioozi wala haliliwi na mchwa. Lakini bei yake ni kubwa, na likipasuka halitengenezwi na kila fundi. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi daima. Faiba yenyewe si mti. Boti la faiba likijaa maji litakwenda chini, isipokuwa kama limetengenezewa vyumba vya hewa au limejazwa povu gumu la kuelea. Uliza viko wapi, uguse kwa mkono wako.

Sasa, upi ni rahisi? Usitazame bei peke yake. Igawanye bei kwa miaka ambayo chombo kitafanya kazi. Tuseme mtumbwi mmoja unauzwa shilingi 300,000 na utadumu miaka 3. Mwingine unauzwa shilingi 600,000 na utadumu miaka 8. Wa kwanza unakugharimu shilingi 100,000 kwa mwaka. Wa pili unakugharimu shilingi 75,000. Ulioonekana ghali ndio rahisi. Na hapo hatujahesabu nyavu zinazopotea mtumbwi ukipinduka, wala uhai wa mtu, ambao hauna bei.

Vipimo vitano kabla ya kulipa

Mzee fundi alitufundisha vipimo hivi, nasi tulivifanya vyote. Muuzaji mwaminifu hatavikataa. Akikataa, rudi nyumbani na fedha zako.

Kipimo cha kwanza: upime kwa futi kamba. Sisi tulishika kanuni hii: upana wa juu usipungue robo ya urefu. Mtumbwi wa mita 4 uwe na upana wa mita 1 au zaidi. Kisha pima tako. Mtumbwi mpana juu lakini uliochongoka chini utakudanganya.

Kipimo cha pili: utikise. Upeleke kwenye maji ya kiunoni, mahali pasipo na viboko wala mamba. Watu wawili waingie, waketi wote upande mmoja. Wa tatu asimame majini karibu nao. Ukingo ulioinama ubaki juu ya maji kwa upana wa kiganja, usipungue. Ukinywa maji hapo ufukweni penye utulivu, ziwani utafanya nini?

Kipimo cha tatu: upakie. Huna haja ya mizani. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, ukiacha uzito wa dumu lenyewe. Kwa mzigo wa kilo 280 pakia madumu 14. Pima ubavu uliobaki juu ya maji. Sisi tulitaka sentimita 25. Hapo mzigo unapogusa mpaka huo, piga mstari wa rangi nyekundu nje ya mtumbwi, pande zote mbili. Kuanzia siku hiyo mstari ukizama, kitu kimoja kishuke, kiwe samaki au kiwe mtu.

Kipimo cha nne: ujaze maji. Hiki watu wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachookoa. Palepale kwenye maji mafupi, ujaze mpaka ukingoni, kisha watu wawili waushike kwa nje. Je, bado unaelea? Kama unakwenda chini, funga madumu matupu yaliyokazwa vizibo chini ya viti, mbele na nyuma, yafungwe kwa kamba imara yasichomoke. Dumu moja la lita 20 lina nguvu ya kuinua karibu kilo 19. Mtu aliyezama mpaka shingoni hahitaji kuinuliwa uzito wake wote. Kilo chache tu zatosha kukiweka kichwa chake nje ya maji. Basi madumu manne yatawasaidia watu wawili kusubiri msaada, mradi wasijaribu kupanda juu yake.

Kipimo cha tano: ulaze majini. Mtumbwi wa mbao uliokaa juani muda mrefu utavuja siku ya kwanza, kwa sababu mbao zimesinyaa. Usiukatae upesi. Uache majini usiku wa kwanza, mbao zivimbe. Utoe maji, uulaze usiku wa pili. Asubuhi tazama. Kama bado maji ni mengi, kasoro iko kwenye maungio.

Ukisharidhika, usisahau sheria. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka chombo kisajiliwe na mvuvi awe na leseni. Mwone ofisa uvuvi wa wilaya yako kabla ya kuingia ziwani.

Na wewe mwenye mtumbwi mwembamba tayari?

Najua wapo wanaosema, "Mganga, mimi ninao huu mwembamba, na fedha za mwingine sina." Usikate tamaa. Wenzetu wa pwani tangu zamani wana ngalawa. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba, lakini huwekewa miti miwili ya kukingama, na mwisho wa kila mti hufungwa ubao wa kuelea, mmoja kila upande. Ukiinama kulia, ubao wa kulia huusukuma juu. Nasi twaweza kufunga mianzi au madumu kwa namna hiyo. Njia nyingine ni wavuvi wawili kuunganisha mitumbwi yao, ubavu kwa ubavu, kwa miti imara, wakiacha nafasi katikati. Huenda polepole, lakini haipinduki upesi.

Mtumbwi mzuri hautoshi peke yake

Mtumbwi mpana husaidia, lakini hauzuii ujinga. Kwa hiyo shikeni pia haya yafuatayo.

Vaa jaketi la kuokolea tangu unapoondoka ufukweni. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha angukia majini.

Usivute wavu umesimama. Piga magoti, na mwenzako akae upande wa pili kusawazisha.

Usiingie ziwani umelewa. Pombe huondoa hadhari, na hupunguza nguvu ya kuogelea.

Mwenye kifafa asivue peke yake mtumbwini. Aje zahanati atumie dawa kila siku kama alivyoelekezwa, na katika kikundi apewe kazi ya nchi kavu.

Viboko hawaheshimu upana wa mtumbwi. Usipite karibu nao, usikae kati yao na maji ya kina, na usitege katika njia wanayotokea jioni kwenda malishoni.

Tena kuna kichocho. Wadudu wake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya katika ngozi. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kila siku akiwa amezama magotini kwenye majani ya ufukweni anajiweka hatarini. Jengeni kigati kidogo cha miti ili mpande mtumbwi bila kukanyaga maji. Msijisaidie ziwani. Na anayekojoa damu, au kupata choo chenye damu, aje kupimwa. Dawa ipo, lakini hutolewa kwa kipimo. Usimeze kwa kubahatisha.

Mtu akizama

Usimrukie majini ovyo. Anayezama humkaba anayemwokoa, wakafa wote wawili. Mtupie kamba, dumu tupu, au mwelekezee kasia.

Ukishamtoa, mlaze chali penye uimara. Usimning'inize kichwa chini, wala usimkanyage tumbo ili atapike maji. Huko ni kupoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Tazama kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu chake, mbane pua, mpulizie pumzi mdomoni mara tano mpaka kifua kiinuke. Kama bado hana dalili ya uhai, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha pumzi 2. Rudia hivyo bila kukoma, huku mwingine akikimbilia msaada. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa joto. Hata akisema amepona, mleteni zahanati. Hali yake yaweza kubadilika saa chache baadaye.

Tulichonunua sisi

Kikundi chetu hakikununua chombo siku ile. Fedha tulizokuwa nazo zilitosha mtumbwi wa kuchonga tu, tena mwembamba. Mwenzetu mmoja alikasirika. Alisema msimu utapita na samaki wataliwa na wengine. Tulibishana jioni mbili. Jioni ya tatu alikuja mtu ambaye hatukumwalika. Alikuwa ni yule kaka aliyempoteza mdogo wake. Alikaa, akasikiliza, kisha akasema, "Ngojeni. Mimi sikungoja." Akaomba aingie kikundini, akatoa mchango wake.

Tulingoja miezi mitano. Tukamwagiza mzee fundi atutengenezee mtumbwi wa mbao wenye tako bapa, urefu wa mita 4 na nusu, upana wa mita 1 na sentimita 20. Una madumu sita chini ya viti na mstari mwekundu ubavuni. Nahodha wake ndiye yule kaka. Hakuna ambaye hupanda kabla yeye hajautikisa kwa mikono miwili na kuutazama mstari.

Mwezi uliopita nilikwenda ufukweni nikitaka nivuke nao upesi kumwona mama mjamzito. Watu walikuwa wamekwisha kuwa watatu na mzigo. Akautazama mstari, akanitazama mimi.

"Daktari, samahani," akasema. "Subiri safari ya pili, au zunguka kwa baiskeli."

Nilizunguka kwa baiskeli. Njiani nilifurahi moyoni, kwa maana niliona kwamba somo limeingia.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, mitumbwi ya kijiji chenu ina upana gani ukilinganisha na urefu wake? Ipimeni mitatu.
2. Kwa nini maji kidogo ndani ya mtumbwi ni hatari kuliko samaki wenye uzito uleule?
3. Mtumbwi wa tako bapa una urefu wa mita 5 na upana wa mita 1. Bila kupunguza kwa ajili ya ncha, utabeba kilo ngapi kwa kila sentimita unayozama?
4. Kikundi chenu kifanye nini ili wenye mitumbwi myembamba waiongezee vielea?
5. Nani kijijini kwenu anajua kumsaidia mtu aliyezama? Mwombeni mganga wa zahanati yenu awafundishe kwa vitendo.